Kuinama si Kuanguka: Hotuba kuhusu Neno "Inclined"

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mliopo, wafasiri na wakalimani wenzangu, na nyinyi vijana mnaoingia katika kazi hii: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine wote, hamjambo.

Nilipoalikwa niliambiwa nichague mada yoyote inayohusu tafsiri. Nimechagua neno moja la Kiingereza, "inclined". Najua wapo watakaoona kwamba neno moja halitoshi kujaza saa nzima. Naomba mnivumilie, kwa sababu neno hili liliwahi kuniaibisha mbele ya watu walioniamini, na tangu siku hiyo sijalipa kisogo.

Nilikuwa mwaka wa pili katika ukalimani. Wafanyakazi wa kampuni fulani walikuwa na mgogoro na mwajiri wao, nami nikaitwa niwe kinywa cha pande zote mbili. Tulishinda chumbani humo tangu asubuhi. Jua lilipokaribia kuzama, msemaji wa kampuni alifunga daftari lake, akavua miwani, akasema: "We are inclined to accept your terms." Nilikuwa nimechoka, na zaidi ya kuchoka nilikuwa na hamu ya kuona watu wale wakienda nyumbani na furaha. Nikawageukia nikasema: "Tumekubali masharti yenu."

Chumba kizima kikalipuka kwa shangwe. Wengine walipiga simu nyumbani papo hapo. Siku tatu baadaye ikaja barua: uongozi umeyatafakari masharti yale na umeamua kutoyapokea. Wafanyakazi wakaamini wamedanganywa, na ile imani kidogo iliyokuwa imejengwa kwa siku nzima ikabomoka. Mzee aliyekuwa akiwaongoza alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wao ndio waliosema wamekubali, au ni wewe uliyesema?"

Sikuwa na la kumjibu. Usiku ule ndipo nilipoanza kulichunguza neno hili, na ninayowaeleza leo ni matunda ya usiku ule na mingi iliyofuata.

Mmeona nimekuja na ubao na kitabu. Tazameni. Ubao umelala juu ya meza, na kitabu kimekaa juu yake. Sasa nainua ncha moja ya ubao, kidogo tu. Kitabu kimetulia. Nainua tena. Bado kimetulia, ingawa walio mbele mnauona wazi mwinamo wa ubao. Uzito wa kitabu umeshaanza kukivuta kuelekea chini ya mteremko, ila msuguano kati ya jalada na ubao unakishikilia. Naongeza tena, polepole... na hapo, kimeteleza.

Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba ubao ukifika nyuzi 30 kutoka usawa wa meza, nguvu inayokivuta kitabu kufuata mteremko ni nusu kamili ya uzito wake. Wanajua pia jambo ambalo mimi lilinishangaza nilipolisikia mara ya kwanza: pembe ambayo kitabu kitaanza kuteleza haitegemei uzito wa kitabu. Chukua kitabu kinene na kijitabu chembamba, mradi majalada yao ni ya aina moja, vyote viwili vitaanza kuteleza ubao ukiwa kwenye pembe ileile. Kinachoamua ni jinsi nyuso mbili zinavyoshikana.

Lakini sikuleta ubao huu kwa ajili ya fizikia. Nataka mkumbuke kile kipindi kilicho katikati, tangu ncha ya ubao ilipoachana na meza hadi kitabu kilipoteleza. Kwa muda wote ule ubao ulikuwa umeinama na kitabu kilikuwa hakijaenda popote. Kipindi hicho ndicho makao ya "inclined". Mtu aliye "inclined" kufanya jambo yuko juu ya ubao ulioinuliwa: upande wa kuelekea unajulikana, uzito unavuta, na bado hajateleza. Mimi jioni ile niliwaambia watu kwamba kitabu kimeshafika chini.

Asili ya neno inathibitisha picha hii. Limetoka Kilatini, "inclinare", kuinamisha au kupinda kuelekea upande fulani, likapitia Kifaransa cha kale hadi kuingia Kiingereza karibu na mwaka 1300. Siku zile za mwanzo lilitumika sana kwa mwili: kuinamisha kichwa, kuinama mbele ya mkubwa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 mwomba dua anamsihi Mungu "incline thine ear", yaani ainamishe sikio lake. Wafasiri wetu wa Zaburi waliandika "utege sikio lako", nami naona walifanya kazi nzuri sana, kwa maana Mswahili hainamishi sikio, hulitega. Walitazama tendo, wakaliacha umbo la neno lijiendee.

Ndani ya "inclinare" kuna mzizi wa kale mno wenye maana ya kuegemea, na mzizi huo umezaa ukoo mkubwa. Wagiriki walipata kwao "kline", kitanda, yaani kitu cha kujilaza. Kutoka kitandani hapo likazaliwa neno la tabibu anayemhudumia mgonjwa aliyelala, na sisi leo tunasema kliniki bila kujua kwamba tunamtaja binamu wa "inclined". Wagiriki walikuwa pia na "klima", mwinamo. Walidhani, na kwa kiasi fulani walikuwa sahihi, kwamba joto na baridi ya nchi hutegemea jinsi uso wa dunia unavyoinama kuelekea ncha zake, na humo Kiingereza kikapata neno lake la tabianchi. Hata ngazi, kwa Kigiriki "klimax", ni ya ukoo huo, kwa kuwa ngazi ni kitu kinachoegemezwa.

Mwinamo wa kweli, ule unaopimika, ndio uliolipa neno hili matumizi yake ya kisayansi. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alitaka kujua vitu vinavyoanguka huongeza kasi namna gani, lakini saa za zama zake zisingeweza kupima kitu kinachodondoka wima, kwani hufika chini kabla mtu hajajiandaa. Akachonga mfereji katika ubao mrefu, akauinamisha, akaacha mpira wa shaba ubingirike taratibu huku akipima muda kwa maji yanayochuruzika kutoka chomboni. Akagundua kwamba muda ukizidishwa mara mbili, umbali huzidi mara nne. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1638. Ubao ulioinama ulimpa nafasi ya kulitazama kwa utulivu jambo ambalo, likiachwa lianguke, halionekani. Nalipenda sana tukio hili, maana ndivyo mkalimani anavyotakiwa kufanya na maneno ya watu: kuyaona yakiwa bado yanabingirika.

Katika anga ni vivyo hivyo. Mhimili wa Dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.4 kutoka wima wa bapa la njia yake ya kulizunguka Jua, ndiyo sababu ya majira. Njia ya Mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 kutoka bapa la njia ya Dunia, na laiti isingeinama tungeshuhudia Jua likipatwa kila mwezi mwandamo. Angalieni tu kwamba kila nilipotaja mwinamo nimetaja pia mwinamo huo unapimwa kutoka wapi: kutoka usawa wa meza, kutoka bapa la njia ya Dunia. Hakuna kitu kinachoinama peke yake. Kwa hiyo hata mtu akisema yuko "inclined", mfasiri ajiulize: ameinama kutoka msimamo gani? Yule msemaji wa kampuni alikuwa akitoka kwenye kukataa. Alikuwa amesogea, na kusogea kwake kulikuwa habari kubwa iliyostahili kutafsiriwa kama ilivyo.

Sasa tuingie katika sarufi, nami sitakaa huko muda mrefu. Umbo hili ni la kitenzi lililogeuka kivumishi. Likifuatwa na kitenzi, huchukua "to" na kitenzi kikiwa katika umbo lake la msingi: "inclined to agree", "inclined to believe". Wanafunzi wengi hutia "-ing" baada ya "to" hiyo, na ni kosa. Likifuatwa na nomino, huchukua "to" au "towards". Kinyume chake, "disinclined", kina uzito kuliko watu wanavyofikiri: ukisema wewe si "inclined" umeeleza tu kwamba huna msukumo, lakini ukisema uko "disinclined" umeeleza kwamba moyo unagoma.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo halisemwi vya kutosha madarasani. Kwa maana ya mteremko, neno hili hukaa mbele ya nomino bila shida: "an inclined board", "an inclined plane", yaani ubao ulioinama, bapa lililoinama. Kwa maana ya tabia, halikubali kukaa hapo peke yake. Kiingereza hakisemi "an inclined child" kwa mtoto mwenye mwelekeo fulani, kwa sababu msikilizaji atamwona mtoto aliyesimama upande kama nguzo iliyolegea. Lazima upande wa mwelekeo utajwe: "musically inclined", "mechanically inclined". Na hapo, ndugu zangu, tunapaswa kuwa waangalifu. Wengi hutafsiri "musically inclined" kuwa "mwenye kipaji cha muziki". Kipaji ni uwezo. Mtoto anaweza kuvutwa na muziki mchana kutwa na sauti yake isifike popote. "Ana mvuto wa muziki", "moyo wake uko kwenye muziki", hata "mtu wa muziki", zote ziko karibu zaidi. Kama muktadha unaonyesha kwamba anaweza pia, hapo ongeza kipaji, lakini usimpe mtu kipaji ambacho mwandishi hakumpa.

Kuna maana ya tabia inayojirudia. Waingereza husema mlango fulani ni "inclined to stick". Mlango hauna nia wala moyo. Tunafanyaje? Kiswahili kina njia mbili nzuri kupita kiasi. Ya kwanza ni kiambishi "hu-": mlango huu hukwama. Ya pili naipenda zaidi: mlango huu unapenda kukwama. Sote tunasema hivyo kila siku. Injini hii inapenda kuzima, mtoto huyu anapenda kuugua mafua. Hakuna anayedhani mtoto anayafurahia mafua. Kitenzi chetu cha kupenda kimebeba mzigo uleule wa "inclined", kutoka moyoni hadi kwenye mazoea ya vitu, na hatukufundishwa na mtu. Ninaposikia mfasiri akiandika "mlango una mwelekeo wa kukwama", nasikitika, kwa sababu ameenda kuazima kwa jirani wakati chakula kiko jikoni kwake.

Kwa binadamu mwenye tabia isiyopendeza tuna "mwepesi wa": mwepesi wa hasira, mwepesi wa kusahau. Lakini hapo tunakaribia neno jingine la Kiingereza, "prone", na hayo mawili yasichanganywe. "Prone" nalo limetoka Kilatini, likimaanisha kuelekea mbele na chini, na mpaka leo aliyelala kifudifudi huitwa hivyo. Linapenda mabaya: ajali, magonjwa, makosa. Ukilinganisha, aliye "inclined" bado amesimama na ameegemea. Aliye "prone" tayari tumbo lake liko chini. Kwa hiyo "rahisi kupata", "hukumbwa mara kwa mara na", hayo yanafaa kwa "prone", na hayafai kwa mtu anayetafakari kama akubali masharti yenu.

Nimefika kwenye matumizi yaliyonichoma mimi, nayo ndiyo magumu kuliko yote: mtu anapotoa maoni. "I am inclined to agree." "I am inclined to think so." Hapa Kiingereza hufanya mambo mawili kwa neno moja. Wakati mwingine msemaji ana shaka ya kweli. Ameegemea upande mmoja na bado anasikiliza. Wakati mwingine hana shaka hata chembe, ila adabu inamzuia kusema kwa ukali. Mtu anayekwambia "I'm inclined to disagree" katika kikao rasmi mara nyingi ameshapinga, amekuvika tu mto ili usiumie. Maandishi ni yaleyale. Tofauti iko kwenye sauti, kwenye nani anamwambia nani, na kwenye kinachofuata. Akiendelea kueleza sababu kwa uthabiti, ilikuwa adabu. Akinyamaza na kukutazama, anasubiri umwongezee hoja.

Mahali ambapo jambo hili halina mchezo ni mahakamani. Hakimu wa mahakama inayotumia Kiingereza anaposema "I am inclined to refuse this application", mawakili wazoefu hawakai wamejiinamia. Wanasimama. Wanajua hakimu amewaonyesha upande anaoelekea ili wampe sababu ya kugeuka, kama ipo. Hukumu haijatolewa. Sasa fikirieni mtu asiyejua Kiingereza, yuko kizimbani au anafuatilia ombi lake, na mkalimani anamnong'oneza: "Hakimu amekataa." Mtu huyo atakata tamaa katika dakika ileile ambayo mlango ulikuwa bado wazi. Hatamwambia wakili wake lile jambo moja alilokuwa amelisahau. Hili linaniuma, na nalisema wazi: kosa la namna hii ni zito kuliko kukosea tarehe.

Wanafalsafa walilipigania sana jambo hili. Wanajimu wa Ulaya ya kale walikuwa na msemo wa Kilatini kwamba nyota huelekeza, hazilazimishi. Baadaye Leibniz, aliyeishi kati ya 1646 na 1716, alilichukua wazo hilo akalihamisha kutoka kwenye nyota hadi kwenye sababu zinazotusukuma kutenda: sababu hutuelekeza bila kutulazimisha, alisema, na katika nafasi hiyo ndimo alimouweka uhuru wa mwanadamu. Si lazima tukubaliane naye. Lakini tuone ni nini kilichokuwa hatarini. Kwake yeye, ukifuta tofauti kati ya kuelekea na kulazimika, umefuta hiari yenyewe. Sisi tukifuta tofauti kati ya kuelekea na kuamua, tunamnyang'anya msemaji hiari yake na kuitangaza kwa niaba yake.

Kiswahili hakikosi vifaa. "Naelekea kukubali." "Nashawishika kukubali." "Moyo wangu umeegemea huko." "Nakaribia kuafikiana nanyi." Kwa ombi la upole, pale Kiingereza kinaposema "if you feel so inclined", sisi tuna "moyo ukikutuma", nami sijaona katika lugha nyingine msemo unaoupita kwa uzuri: moyo ndio mwenye kutuma, na mtu bado anaweza kukataa kutumwa. Kwa tabia iliyojengwa tangu utoto, Waingereza wana methali inayosema jinsi kitawi kinavyopindwa ndivyo mti utakavyoinama, na neno lao hapo ni hilihili letu la leo. Sisi tunasema samaki mkunje angali mbichi. Wao wanatazama mti uliokwisha kuinama, sisi tunautazama mkono unaokunja. Ukipewa methali yao uitafsiri, methali yetu inatosha, isipokuwa pale ambapo mwandishi anacheza na mwinamo wa mti wenyewe. Hapo usimuue mwandishi kwa samaki.

Vijana mtaniuliza: kama nina sekunde mbili tu, nimesimama katikati ya watu waliochoka, nitajuaje ni adabu au ni shaka? Hamtajua kila mara. Ninachofanya mimi, nikiwa sina hakika, naacha mlango wazi kama ulivyoachwa. Natumia "kuelekea", kwa sababu "kuelekea" nalo hubeba yote mawili: anayeelekea kwa adabu na anayeelekea kwa shaka. Kama msemaji alikuwa na uhakika, watu watauona katika maneno yake yanayofuata. Kama hakuwa nao, sijamsemea. Na kama jambo ni kubwa, nainua mkono na kumuuliza mwenyewe: je, huo ni uamuzi au bado mnatafakari? Kuuliza si aibu. Laiti ningeuliza jioni ile, msemaji angejibu kwa sekunde tano.

Yule mzee nilikutana naye tena, miaka kadhaa baadaye, katika mkutano mwingine. Alinikumbuka kabla mimi sijamkumbuka. Nilimwamkia, nikamwambia jibu la swali lake: si wao waliosema, ni mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Basi walisema nini hasa?" Nikamwambia: "Walisema, tunaelekea kuyakubali masharti yenu." Akarudia polepole, "Tunaelekea," huku mkono wake umenyooka mbele yake na kuinama kidogo upande mmoja. "Ungetuambia hivyo," akasema, "tusingepiga simu nyumbani usiku ule. Tungerudi ndani."